Kiti cha Kushoto

Mzee Katoo alivunjika nyonga kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, siku moja ya kiangazi ambapo mifugo ilikuwa ikisukumana kwa kiu. Alifanyiwa upasuaji, na alipotoka hospitali binti yake Seleyian akamchukua akae naye Kitengela, kwa sababu kule nyumbani, ng'ambo ya mji wa Kajiado, choo kiko mbali na nyumba na njia imejaa mawe.

Seleyian alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya upili. Mume wake, Koinet, alifanya kazi kwenye kampuni ya simenti Athi River na alikuwa na gari dogo la zamani, la chini sana. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Mzee alitakiwa kwenda mazoezi ya viungo Kajiado kila wiki, na kila wiki kumwingiza kwenye gari lile kulikuwa mateso. Alikunja mguu nusu, akasaga meno, akaukunjua tena. Wakifika Kajiado jasho limemlowa shingoni, na bado kulikuwa na kumtoa.

"Mnanikunja kama kiti cha kukunja cha harusi," alisema siku moja. Tangu hapo Seleyian hakutulia. Akiwa darasani anatazama dirishani, magari yanapita kwenye barabara ya Namanga, na yeye anapima kwa macho: lile liko juu, hili liko chini, lile mlango wake ni mpana.

Gari lililomfaa lilikuwa karibu kuliko alivyodhani. Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Ouma, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Shirleen kwa jina la binti yake mkubwa. Ouma alikuwa msimamizi kwenye shamba la maua huko Isinya hadi shamba lilipofungwa. Sasa alikuwa akirudi kwao Siaya na familia yake yote, na alikuwa akiuza gari lake la viti saba, lile la mlango wa kuteleza ubavuni. Lilikuwa jeupe, safi, na viti vyake viliinuka kiasi kwamba mtu mwenye nyonga mbovu angeketi tu bila kujikunja.

"Endesha kwanza, mwalimu," Ouma alimwambia, akampa funguo bila wasiwasi. "Mpeleke mzee clinic nayo. Ukirudi tutaongea."

Siku ile ilikuwa ya furaha. Mzee Katoo alikaribia gari na fimbo yake, akaupita mlango wa kuteleza bila kuutazama, akaenda moja kwa moja mbele kushoto. Aligeuka, akaketi, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Hakusaga meno. Akafunga mlango mwenyewe, akaweka fimbo katikati ya magoti na kutazama mbele kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Walipovuka Isinya alianza kuongea. Alitaja majina ya wenye mashamba yaliyowekwa nyaya, akahesabu mbuzi wa watu kwa sauti, akamkemea Seleyian kwa kulipita lori karibu mno. Tangu aanguke hakuwa ameongea maneno mengi namna hiyo. Baada ya mazoezi akaomba wapitie nyumbani aone ng'ombe. Wajukuu wakakimbia kumlaki, kila mmoja akainamisha kichwa aguswe, ndiyo salamu ya watoto kwa mzee. Mzee akawagusa wote kupitia dirishani, bila kushuka.

"Hii gari ni nzuri," alisema wakirudi. "Nunua."

Seleyian alifika Kitengela ameshaamua moyoni. Koinet ndiye aliyesema wasubiri kidogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakununua hata birika la umeme bila kulichunguza. Alifungua mlango wa dereva, akapiga picha kibati chenye namba ya chesisi, akaenda sebuleni na simu yake. Seleyian alikuwa jikoni akikatakata sukuma wiki mumewe aliporudi na simu mkononi.

"Ina recall," Koinet alisema.

"Ndiyo nini?"

"Kiwanda imeita hizi gari zirudishwe, kuna kitu wanataka kubadilisha. Hii haijawahi kupelekwa." Akamsomea polepole, akigeuza maneno ya kiwanda kuwa maneno ya nyumbani. Ndani ya dashibodi, mbele ya abiria wa kushoto, kuna mfuko wa hewa ambao hufutuka gari likigonga kitu. Kinachoufutua ni kikopo cha chuma chenye dawa inayolipuka. Katika magari ya toleo hilo, dawa ile huharibika kwa miaka ya joto na unyevu, na ikilipuka vibaya kikopo chenyewe hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa aliyeketi hapo.

"Mpaka ugonge kitu," Seleyian alisema.

"Mpaka ugonge kitu," Koinet alikubali. "Kwa barabara ya Namanga."

Asubuhi Seleyian alimpigia simu wakala wa kiwanda Nairobi, akiwa amesimama nje ya chumba cha walimu na kidole kwenye sikio la pili. Binti aliyepokea alikuwa mpole. Ndiyo, kifaa hubadilishwa bure. Hapana, kwa sasa hakipo, kimeagizwa. Hapana, hawezi kuahidi lini. "Na madam, kabla ibadilishwe, mtu asikae hapo mbele kushoto."

Alirudi darasani akafundisha kipindi kizima juu ya usanisinuru, na baadaye hakukumbuka neno hata moja alilosema.

Kwa siku kadhaa alizunguka na jambo lile kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Alijiambia gari limebeba familia ya Ouma miaka yote bila shida. Alijiambia wangelinunua na kiti kile kingebaki kitupu hadi kifaa kifike, ni rahisi tu, watu sita wanatosha. Jioni moja akajaribu kwa baba yake.

"Papa, tukinunua ile gari, si ungekaa kile kiti cha katikati? Kiko na nafasi. Mguu unanyoosha."

Mzee alikuwa akinywa chai. Akakiweka kikombe chini.

"Nikae nyuma?"

"Si nyuma sana. Katikati."

"Nakerai, binti yangu, mimi nikae nyuma ya mtoto wangu, wapite watu waseme ona Katoo amebebwa kama mbuzi wa soko? Na mbele nani anakaa? Mkoba yako?"

Hapo ndipo angemwambia. Maneno yalikuwa mdomoni: kuna chuma, Papa, inaweza kukuua. Lakini alikumbuka uso wake siku ile akitazama barabara, akaogopa kwamba akishamwambia mzee angekataa magari yote na kurudi kitandani kutazama ukuta. Tena alimjua. Baba yake alikuwa mtu wa kusema kwamba amekaa na simba porini, je, kikopo? Akakusanya vikombe.

"Uliza mume wako kama baba yake anakaa nyuma," mzee alimalizia, ingawa baba yake Koinet alikuwa amefariki zamani.

Jumamosi Seleyian alienda kwa Ouma. Nyumba ilikuwa nusu imefungwa. Masanduku yalipangwa ukutani, mapazia yalikuwa yametolewa, na mke wa Ouma, Achola, alikuwa akifunga sahani kwa magazeti. Seleyian hakuketi. Akawaeleza wote wawili, akawaonyesha kwenye simu.

Achola ndiye aliyeelewa kwanza. Aliacha kufunga sahani. "Hapo ndipo mimi hukaa," alisema. "Nimekaa hapo na mimba ya huyu." Mtoto aliyemtaja alikuwa akicheza ndani ya sanduku tupu la karatasi.

Ouma alisoma, akasoma tena, akakuna shingo. "Wallahi sikujua, mwalimu. Nilinunua kwa yadi Mombasa Road, hakuna mtu aliniambia kitu."

"Najua hukujua."

"Sasa?"

"Sasa mimi siwezi, Baba Shirleen. Baba yangu hakai mahali pengine ila hapo. Na hiyo kitu yenyewe haijulikani itafika lini. Kama ungengoja ibadilishwe, ningenunua hata kesho yake."

"Lori ya kuhamisha inakuja Jumatano," Ouma alisema. "Kazi hakuna, kodi imeisha. Nitangojea wapi?" Akatazama nje, gari lilipoegeshwa. "Lakini sawa. Mwenye atachukua, nitamwambia. Siwezi kumficha mtu."

"Utamwambia?"

"Mwalimu, mimi ni mzazi."

Seleyian aliondoka akidhani atajisikia mwepesi. Uamuzi ulikuwa umefanyika, tena ulikuwa sahihi. Koinet alimwambia hivyo, akamshika bega. Lakini usumbufu haukutoka. Ulibadilisha tu mahali. Sasa kila akipita nyumba ya tatu alitazama kama gari bado lipo. Jumapili lilikuwepo. Jumatatu lilikuwepo, boneti ikiwa wazi na wanaume wawili wameinama juu yake. Jumatano alipotoka shuleni, geti lilikuwa wazi, uwanja mtupu, na mlinzi wa ploti alikuwa akifagia karatasi za kufungia sahani.

Alimpigia Ouma. Kelele za barabarani zilijaa kwenye simu. Walikuwa tayari wamepita Narok.

"Ile gari uliuza?"

"Iliuzwa jana, asante Mungu."

"Ulimwambia?"

Ouma alikohoa. "Alikuja na fundi wake. Fundi akaangalia kila kitu, akasema iko sawa."

"Baba Shirleen, ulimwambia?"

"Hakuuliza, mwalimu." Halafu, kwa sauti ya chini: "Ningemwambia angeenda. Nilikuwa nimebanwa. Wewe hujui vile nilikuwa nimebanwa." Simu ikakatika, na alipopiga tena haikupokelewa.

Koinet alikuta chakula hakijapikwa na mke wake amesimama mlangoni na viatu miguuni. "Hiyo si gari yetu," alimwambia baada ya kusikia habari. "Tulikataa. Kila mtu anachunguza yake."

"Huyo mtu ako na fundi, hana habari."

"Utamtafuta wapi? Kitengela yote?"

"Nitaanza na mlinzi."

Mlinzi alikumbuka vizuri. Mnunuzi alikuwa mama Mkamba, mnene, mcheshi, aliyempa nyanya mfuko mzima wakati wa kuondoka. Alisema anauza jumla sokoni na nyanya zake hutoka mashamba ya Kimana, kupita Kajiado. Jina lake ni Kalekye.

Kesho yake, baada ya vipindi, Seleyian alienda sokoni. Alipita wauza viatu, akapita wauza vitunguu, akiuliza. Aliliona gari kabla ya kumwona mwenyewe. Lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume kando ya vibanda, viti vya nyuma vimelazwa na makreti ya nyanya yamepangwa hadi juu. Mbele kushoto alilala mtoto wa kike mwenye sare ya shule ya nasari. Shavu lake lilikuwa limegandamana na dashibodi.

Gari lilikuwa limezimwa, halikuwa likienda popote, lakini Seleyian alijikuta anatembea haraka.

"Customer, karibu!" mwanamke aliita kutoka nyuma ya makreti. "Ni za leo asubuhi, hazina hata alama."

"Wewe ndiye Kalekye? Hiyo gari ulinunua kwa Ouma?"

Tabasamu likapungua. "Iko na nini?"

Seleyian alieleza. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, lakini yalitoka yamechanganyikana, mfuko wa hewa, kikopo, kiwanda, na katikati akaanza kuomba msamaha bila kujua kwa nini. Kalekye alimsikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Nimekuelewa," alisema mwishoni. "Ulikuwa unaitaka ukakosa. Sasa unataka nishtuke nikuuzie kwa bei ya kutupa. Dada, mimi nimeuza nyanya miaka mingi. Hiyo maneno ya 'hii imeoza ndani' naijua."

"Sitaki kununua. Angalia mwenyewe." Seleyian akamnyooshea simu. "Si mimi nimeandika. Fungua mlango wako, soma namba, iandike hapo wewe."

Kalekye hakuishika simu mara moja. Alimuuzia mfuko mteja aliyekuwa akingoja, akarudisha chenji, akajifuta mikono kwenye leso. Kisha akaitoa simu yake mwenyewe, akafungua mlango wa dereva na kuinama kwenye kile kibati. Aliandika herufi moja moja, akitamka kila moja kwa Kikamba, kwa kunong'ona. Seleyian alisimama kando. Ukurasa ulichukua muda kufunguka, mtandao wa pale sokoni ukiwa hafifu, na wote wawili wakatazama kile kiduara kikizunguka.

Ulipofunguka Kalekye alisoma hadi mwisho. Alizunguka gari, akafungua mlango wa kushoto, akamwinua mtoto aliyekuwa bado amelala na kumlaza begani. Akasimama hivyo katikati ya soko, anamtingisha mtoto ambaye hakuwa akilia.

"Huyu nilitoka naye Kimana asubuhi," alisema. "Kulikuwa na trela inatupita vibaya hapo kabla ya Kajiado. Nilifunga breki."

"Pole."

"Na wewe ulijua lini?"

"Wiki moja na kitu."

"Kabla sijanunua."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa wapi?"

Seleyian angeweza kusema Ouma aliahidi. Angeweza kusema alikuwa na baba mgonjwa, na vipindi, na kwamba halikuwa gari lake. Yote yalikuwa kweli. "Niliambiwa utaambiwa," alisema, na hata masikioni mwake lilikuwa jibu dogo.

Kalekye alimpigia Ouma palepale, kwa sauti ambayo vibanda vinne vilinyamaza kuisikiliza. Aliyepokea alikuwa Achola. Seleyian alisikia kwa mbali sauti yake ikiuliza, "Hakukuambia? Hakukuambia?" halafu ikamgeukia mumewe kwa Kijaluo, kali, mfululizo, mpaka Kalekye mwenyewe akaitoa simu sikioni na kuitazama. Ouma alipokuja hakujitetea. Alisema atasimamia gharama yoyote itakayotokea. Kalekye akamwambia anyamaze kwanza, kwamba hakuna gharama, ni bure, kilichotakiwa kilikuwa maneno tu.

Kisha alimgeukia Seleyian. "Nambari ya hao wa Nairobi uko nayo?"

Alikuwa nayo. Akampa, pamoja na yake mwenyewe, na akamweleza amwulizie nani. Kalekye aliiandika, akampa mgongo na kuanza kupanga kreti kwenye kile kiti cha mbele, juu ya kiti, mbele ya kiti, mpaka pasibaki mahali pa mtu kukaa. Mtoto alimweka kwenye stuli kibandani. Hakusema asante, na Seleyian hakuingoja.

Mzee Katoo aliendelea kwenda Kajiado. Koinet alimpata jirani mwenye pikapu ya juu kidogo, wakawa wanamkodi siku za mazoezi, na mzee akaketi mbele akilalamika kwamba dereva huyu hajui ng'ombe wa nani ni wa nani. Siku moja, wakisubiri zamu yao kliniki, akauliza kwa ghafla.

"Ile gari nyeupe. Kwa nini hukununua?"

Seleyian alimwambia yote, kutoka kibati cha chesisi hadi mtoto wa Kalekye. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Na ndiyo ulitaka nikae nyuma?"

"Ndiyo, Papa."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekaa nyuma?"

Muuguzi alitoka, akaita jina la mtu mwingine, akarudi ndani.

"Hapana," mzee alisema. Kisha akacheka mpaka akashika nyonga, na Seleyian, ambaye hakuwa amecheka vizuri tangu jambo lile lianze, akacheka naye. "Lakini ungeniambia," mzee aliongeza, na sasa hakuwa akicheka.

Kifaa kilikawia. Kalekye alipiga simu mara mbili kuuliza maswali, na katika mazungumzo hayo akasikia habari za mzee na kliniki yake ya Kajiado. Mvua zilikuja na kupita, na Seleyian hakuacha kulitafuta lile gari barabarani. Akiliona alitazama kwanza upande wa kushoto. Mara zote zilikuwa nyanya, isipokuwa mara moja, karibu na mzunguko, aliona kichwa cha mtu. Aliharakisha hadi akawa sambamba nalo. Ulikuwa mfuko wa kabichi umefunikwa kofia ya jua.

Simu ilikuja siku ya mtihani, akiwa anasimamia kidato cha tatu. Alitoka nje kuipokea.

"Wamebadilisha," Kalekye alisema. "Nimetoka huko sasa hivi. Nilikaa nikiangalia mpaka mwisho. Nikamwambia yule fundi anipatie hiyo ya zamani nimpelekee Ouma huko Siaya, akakataa."

"Nashukuru Mungu."

"Mtoto anataka kukaa mbele. Nimemkataza. Sijui kama nitamruhusu tena." Honi za Nairobi zilisikika nyuma yake. "Mimi bado niko na hasira na wewe, mwalimu. Nakuambia ukweli."

"Uko na haki."

"Sawa. Baba yako anaendelea aje?"

"Anatembea na fimbo moja sasa. Anasumbua."

"Wacha asumbue," Kalekye alisema. "Alhamisi napitia Kajiado mapema. Kama clinic ni Alhamisi, niambie kesho jioni, nisipakie kreti huko mbele, mzee akae."

Ndani ya darasa mwanafunzi aliinua mkono akiomba karatasi ya ziada. Seleyian alimwonyesha kidole asubiri, akabaki pale veranda na simu sikioni, akijaribu kukumbuka kama Alhamisi ile walikuwa na zamu.